Bajaji ya saa nane usiku haitoi risiti ya EFD

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi sio mwandishi, ni dereva wa bajaji huku Mbagala, na hii barua naiandika kwa simu nikiwa kijiweni nasubiri abiria, kwahiyo ukiona sehemu imerukaruka ujue hapo nilipata mteja nikaondoka nikarudi. Nimeandika baada ya kusoma barua ya msomaji wako mmoja aliyesema hivi vikundi vya akina mama vya mtaani vinavyopokea wanawake waliopigwa na waume zao vinavunja ndoa za watu, vinafundisha wanawake kiburi, na eti vinakula hela za wazungu. Hapo kwenye hela za wazungu nilicheka peke yangu mpaka abiria niliyembeba akaniuliza kaka kulikoni.

Mimi nafanya kazi na kikundi kimoja cha namna hiyo, mwaka wa tatu huu. Sio mwanachama, wanachama ni akina mama 11, mimi kazi yangu ni kubeba. Jina la kikundi silitaji na mtaa siutaji, sio kwamba naringa, ni kwamba ile nyumba wanayowalaza hao wanawake ikijulikana tu ilipo basi kesho yake kuna mwanaume mlangoni na panga. Wamesajiliwa halmashauri, wana katiba, wana muhuri, wana akaunti benki ambayo ina elfu kumi na kitu ambazo hazitoki. Ofisi yao ni sebule ya mwenyekiti, tunamwita Bibi, alikua nesi akastaafu, na nyumba ya kulala wageni wao ni vyumba viwili vya marehemu dada yake. Hakuna kibao, hakuna gari, hakuna mzungu.

Kabla hujanipa sifa ngoja niseme la kwangu. Miaka minne iliyopita nilikua bado mgeni kwenye bajaji, usiku mmoja dada mmoja akanisimamisha, kajitanda kanga imeshuka mpaka machoni, akaniambia kaka nipeleke Chanika kwa kaka yangu, hela nitakupa tukifika. Kutoka huku mpaka Chanika usiku ule sio mchezo, alafu mumewe namjua, tulikua tunakunywa nae kahawa kila jioni. Nikamwambia dada tulia kidogo, nikasogea pembeni nikampigia mumewe simu. Yani nikajiona nimefanya la maana, nimemuokolea mwenzangu ndoa. Jamaa akaja akanishukuru, akanipa na buku mbili ya soda. Wiki iliyofuata nikamuona yule dada sokoni, mkono wa kushoto kauning'iniza kwa kanga iliyofungwa shingoni, amenunua fungu la nyanya anahangaika kuziingiza kwenye kikapu kwa mkono mmoja. Nikamsalimia. Hakunitukana wala hakunikunjia sura, alinitazama tu kama unavyotazama nguzo ya umeme, alafu akaendelea na nyanya zake. Ile buku mbili nilinunulia soda kweli.

Nilimsimulia mama yangu mdogo, nae ndo alinipeleka kwa Bibi, nikajua naenda kusemwa. Bibi hakunisema. Aliniuliza tu, mwanangu simu yako inapatikana usiku? Nikamwambia inapatikana. Basi ikawa ndo hivo.

Safari ambayo hainitoki kichwani ni ya mwaka jana kipindi cha masika. Saa nane kasoro usiku Bibi akanipigia, akishapiga hasemi mengi, anataja tu sehemu, akasema nyuma ya mashine ya kusaga. Nikakuta mwanamke na watoto wawili wamejibanza kwenye kibaraza mvua inanyesha. Mkubwa wa kama darasa la pili hivi kavaa yunifomu kamili, sweta, viatu, soksi, begi mgongoni, saa nane ya usiku, nikaja kujua baadae mama yake alimvalisha vile makusudi kwasababu alishapiga hesabu kwamba wakitoka pale hawarudi na mtoto asikose shule. Mdogo yuko mgongoni. Na mikononi kakumbatia kitu kizito kimefungwa kwenye shuka, nikadhani ni mtoto wa tatu. Kumbe kichwa cha cherehani. Meza ya cherehani kaiacha, nguo zake kaziacha, sufuria, kitanda alichonunua kwa hela ya kikoba, vyote kaviacha, katoka na kile chuma kwasababu ndo kazi yake, anashona sare za shule. Mguu mmoja hauna kandambili. Nikamwambia dada nipe nikuwekee hapa mbele, akakataa, alikipakata vile vile na mtoto mgongoni mpaka tunafika. Hakulia njia nzima. Mtoto ndo aliuliza swali, mama kesho tutapita wapi kwenda shule.

Sasa huyo msomaji wetu aniambie, hapo ndoa ilivunjwa saa ngapi. Ilivunjwa na kikundi kilichotoa buku tano ya bajaji?

Asubuhi yake nikawapeleka kufata PF3. Kwa asiyeijua, PF3 ni fomu ya polisi namba tatu, unachukua kituoni, unaenda nayo hospitali, daktari anakupima anaandika alichokiona, alafu inarudi polisi na siku ya kesi ndo inasimama kuongea kwa niaba yako. Ni bure. Kesi ya kupigwa bila PF3 ni ngumu kweli, hata daktari mwenyewe anakua na wasiwasi kukugusa. Kituo cha kwanza tulichofika, sikitaji, aliyekua zamu alimtazama yule dada jicho limevimba kama embe bolibo akasema haya mambo ya chumbani, rudini mkayamalize na wazee. Mimi nilishakata tamaa nikawasha bajaji, Bibi akaniambia zima. Akakaa kwenye benchi. Akasema tunasubiri Dawati.

Na Dawati kweli lilipofunguliwa mambo yakabadilika. Hili Dawati la Jinsia na Watoto polisi wamelianza tangu 2009, lina askari waliofundishwa kazi hiyo, chumba chao cha pembeni, hauongei mbele ya foleni ya watu walioibiwa simu. Yule afande alimkalisha dada wa watu, akampa maji kwanza, akaandika taratibu, dada akatoka na RB yake, ile namba ya taarifa aliyofungua polisi, na PF3. Simsemi vibaya mtu hapo. Ninachosema ni kwamba pale tulipokwenda Dawati ni la asubuhi, na mimi simu zangu zote ni za usiku, mwisho wa mwezi na wikiendi ndo balaa kabisa, kwahiyo kati ya saa nane usiku na saa mbili asubuhi ni nani anamshika huyu mtu mkono? Ni Bibi. Kuna hospitali zimeweka vile vituo vya mkono kwa mkono, polisi, daktari na mtu wa ustawi wa jamii wote sehemu moja, ni kitu kizuri sana, lakini na penyewe mpaka ufike, na kufika ni nauli.

Alafu kuna mambo hayasubiri. Bibi kwasababu ya unesi wake swali lake la kwanza kwa mwanamke aliyeingiliwa kwa nguvu, hata kama ni na mumewe, ni imetokea saa ngapi, kwasababu zile dawa za kuzuia maambukizi ya ukimwi lazima uanze ndani ya masaa 72, na zikianza mapema ndo bora zaidi. Anawaambia usioge, usifue, na nguo uliyovaa iweke kwenye mfuko wa karatasi, sio rambo, kwenye rambo inavunda ushahidi unaharibika. Ana bahasha za kaki zimepangwa kabatini pembeni ya vikombe vya chai. Nilikua naziona kila siku nikijua za mambo ya kikoba.

Haya, tuje kwenye hela za wazungu. Nimeomba ruhusa kwa Bibi niandike ukurasa mmoja wa kaunta buku lao, mwezi mmoja, akina mama waliopita ni watatu na watoto watano. Majina hawaandiki, wanaandika namba. Nauli za usiku safari nne 22,000. Daladala za kwenda polisi na hospitali 9,600. Fotokopi 1,200. Vocha 5,000. Unga, sukari na maharage 31,000. Pedi 4,500. Kitasa kipya pamoja na fundi 28,000, hiki ni cha mama mmoja ambae mume aliondoka mwenyewe lakini akabaki na funguo anaingia anapotaka. Panadol na bandeji 6,200. Kandambili pea moja 2,500. Jumla 110,000. Hizo kandambili mnajua ni za nani.

Hiyo laki na kumi inatoka wapi, akina mama 11 kila mmoja anatoa buku kwa wiki, kwa mwezi ni 44,000, nyingine wanauza sabuni ya maji kwenye chupa za soda zilizotumika, na sisi kijiweni kila Jumamosi tunachanga jero jero, wasiotaka hatuwalazimishi, inayobaki Bibi anatoa kwenye pensheni yake alafu anaandika kwenye daftari "mkopo kutoka kwa M/kiti" mkopo ambao hakuna siku umelipwa. Kuna watu wanasema si waende halmashauri wachukue ile mikopo ya asilimia kumi, nne ya wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ni kweli ipo, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na ni msaada mkubwa kwa wenye biashara, lakini jamani ule ni mkopo, unarejeshwa. Mwanamke anayekimbia usiku na kichwa cha cherehani utamuandikia marejesho ya nini?

Na hapa ndo penye lililonifanya niandike. Kila mwaka tarehe 25 Novemba mpaka 10 Desemba kuna zile Siku 16 za kupinga ukatili. Mwaka juzi kuna wafadhili, siwataji, walikuja kwenye mtaa wetu na hizo siku zao, kikundi cha Bibi kikaalikwa na sisi madereva tukaalikwa. Ukumbi una kiyoyozi, wali kuku, soda mbili mbili. Tukapewa fulana 60 na bango kubwa lenye picha ya mwanamke kajishika uso. Sibezi, pale nilijifunza mambo, nilijua kwanini ni tarehe 25, kwamba kuna akina dada watatu wa ukoo wa Mirabal waliuawa siku hiyo mwaka 1960 huko Jamhuri ya Dominika kwasababu walikua wanampinga dikteta wao. Na kuna takwimu moja ilileta zogo. Mtoa mada akasema kwenye ule utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 wanawake wanne kati ya kumi walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wakiwa na miaka 15, hiyo tukanyamaza. Alafu akasema waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu tano, akiunguza chakula, akibishana, akitoka bila kuaga, asipojali watoto, au akimnyima unyumba, na wanawake 58 kwenye kila 100 wakakubali walau sababu moja, wanaume 40 tu. Kijiwe kizima kikalipuka, mmeona, wenyewe wanakubali kuliko sisi!

Bibi akasimama. Akamuuliza yule aliyepiga kelele kuliko wote, wewe tajiri wako ana haki ya kukunyang'anya bajaji ukichelewesha hesabu siku mbili? Jamaa akasema ndio anayo. Bibi akamwambia na hiyo unaipenda? Akakaa. Ukumbi ukawa kimya mpaka ukasikia kiyoyozi.

Sasa baada ya semina Bibi akaandika barua kwa hao wafadhili, akaomba kitu kimoja tu, laki sita, nauli ya usiku na chakula kwa miezi sita. Aliandika vizuri, mimi ndo nilipeleka kuchapisha steshenari. Wiki tatu baadae jibu likaja kwa barua pepe ya mjukuu wake, kwamba wanathamini sana kazi yetu ila kwa utaratibu wao matumizi yote ya usafiri lazima yaambatane na risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Mhariri, bajaji ya saa nane usiku itoe wapi risiti ya EFD? Nimwambie yule mama mwenye jicho lililofunga subiri kidogo dada nikutolee risiti? Lakini fulana 60 zina risiti, ukumbi una risiti, wali kuku una risiti, kwahiyo hivo vyote vinafadhilika, isipokua ile buku tano ya kumtoa mtu kibarazani. Zile fulana Bibi aligawa, nyingine zinatumika kuogeshea watoto wanaofika wamelowa, ni pamba nzuri zinakausha maji vizuri.

Nielewe, sisemi wafadhili ni wezi au semina zifutwe. Nasema msaada wote umekaa mchana na vurugu zote ziko usiku.

Narudi kwa msomaji wetu na ndoa zake, kwasababu sitaki aseme nimemkwepa. Hao wanawake ninaowabeba, zaidi ya nusu nimewarudisha mwenyewe kwa waume zao na bajaji hii hii. Ndio, wanarudi. Mwingine siku ya tatu, mwingine baada ya mwezi, mwingine mume kaja na wazee wa pande zote mbili wameyamaliza na ndoa mpaka leo ipo. Bibi hajawahi kumkataza mtu kurudi wala kumwambia hongera au umekosea, anachofanya ni kuhakikisha anarudi akiwa na namba ya simu kichwani, sio kwenye simu maana simu ndo kitu cha kwanza kuvunjwa, na kwamba kadi za kliniki za watoto, cheti cha ndoa na namba ya NIDA fotokopi zake ziko kwa jirani anaemuamini. Mimi mwanzoni nilikua nakasirika, nimekutoa usiku na mvua alafu unarudi! Bibi akaniuliza wewe ulijaribu kuacha sigara mara ngapi. Nikanyamaza, maana alishanikuta nyuma ya duka.

Na hata anaetaka talaka hairukiwi tu kama mnavyodhani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, iwe la kata, BAKWATA au kanisani, wakishindwa kuwapatanisha wanatoa hati ndo mnaenda mahakamani, na kwa huku Dar sasa mambo ya ndoa na mirathi yana kituo chake kabisa pale Temeke. Sasa ndani ya sheria hiyo hiyo kuna kifungu cha 66, kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko au kipigo. Kuna siku msaidizi wa kisheria wa kikundi alikisoma mbele ya mume mmoja kwenye kikao, jamaa akauliza sheria ya lini hiyo, akaambiwa 1971. Akasema mimi nimezaliwa 1984. Alishangaa kweli, sio utani, alidhani ni mambo yaliyoletwa juzi na mashirika.

Sehemu inayotuumiza ni kwamba hatuna sheria maalum ya ukatili wa majumbani, Uganda wanayo tangu 2010, Kenya 2015, na kule mahakama inaweza kumuamuru mume asisogelee nyumba hata kabla kesi haijaisha. Sisi ni shambulio la kawaida au la kudhuru mwili kwenye Kanuni ya Adhabu, mume analala ndani siku moja mbili, anapata dhamana, na anatoka akiwa na hasira mara mbili na anajua mkewe anauza wapi maandazi. Hapo ndo utaona umuhimu wa kile kitasa cha 28,000.

Na wenye nyumba, jamani wenye nyumba wa Dar. Mwanamke yuko tayari kuanza upya, kazi anayo, chumba kimepatikana elfu hamsini, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita na dalali anataka ya mwezi mmoja, laki tatu na nusu kwa mtu aliyetoka na kandambili moja. Yule wa cherehani alikaa kwa Bibi siku 41 kwasababu hiyo tu, mpaka mzee mmoja mstaafu akakubali alipe mwezi mwezi. Mzee mwenyewe wala hakuulizia sana, alisema tu anayeshona hakosi kodi. Mwalimu mkuu wa shule ya karibu nae alimruhusu mtoto akae darasani wakati barua ya uhamisho inafatiliwa, kwahiyo ile yunifomu haikwenda bure. Watu kama hao wawili wakiongezeka kwenye mtaa kikundi kinapumua.

Sijasema kwamba kazi hii haina maudhi. Mwezi wa nane mume mmoja aligundua ni mimi niliyembeba mkewe, sikukutwa mwenyewe namshukuru Mungu, ila asubuhi nilikuta turubai la bajaji limechanwa na kiwembe kutoka juu mpaka chini pande zote mbili na matusi yameandikwa kwa mkaa kwenye bodi. Bajaji sio yangu, ni ya mkataba, tajiri wangu alifoka akasema achana na ndoa za watu, bajaji yangu sio ya ustawi wa jamii. Turubai jipya bei yake nilishindwa. Nikaenda kwa yule dada wa cherehani nikamwambia nishonee hata kwa kuungaunga. Alivunja sindano mbili, namba 18 ndo ikakubali, akaweka uzi mwekundu kwasababu ndo mnene aliokua nao, hela akakataa nikamwachia mezani nikakimbia. Sasa bajaji yangu inajulikana Mbagala nzima kwa mshono mwekundu, kitu ambacho kwa kazi yenyewe hii ya siri sio kizuri sana, natafuta hela nibadilishe.

Kwa msomaji anaetaka kusaidia na hajui aanzie wapi, sidhani kama ni lazima uwe na mamilioni. Nenda serikali ya mtaa wako muone mtendaji au mtu wa ustawi wa jamii kata, uliza kama kuna kikundi cha namna hii, vipo vingi kuliko unavyodhani, ukikipata usiulize nyumba iko wapi, uliza wamepungukiwa nini mwezi huu alafu peleka hicho hicho wanachotaja. Usibebe nguo chakavu ulizokua unataka kutupa, watakwambia asante na watakosa pa kuziweka. Wenzangu madereva, mwanamke akikwambia nipeleke kwa kaka yangu, mpeleke. Mume wake utakunywa nae kahawa kesho.

Mwisho Mhariri, ile barua ya laki sita tumeiandika tena wiki iliyopita. Safari hii Bibi ameambatanisha fotokopi ya kaunta buku, na pale panapotakiwa risiti nimeweka sahihi yangu, namba ya usajili ya bajaji na kidole gumba. Bado hawajajibu.

Dereva wa bajaji,
Mbagala, Dar es Salaam.
(Jina na namba yangu unavyo, usivichapishe.)